Rivasi Mbele ya Wakwe

Mnicheke taratibu, maana mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kuvuta trela.

Juzi nilipakia kwenye trela mchele na sufuria za harusi ya shemeji yangu, nivitoe Kulesa hadi Garsen. Kabla ya kuondoka niliwahutubia wakwe zangu: kagueni pini inayoishikilia trela kwenye gari, kisha fungeni mnyororo, kwa sababu pini ikichomoka, mnyororo ndio utakaoizuia trela. Wakaitikia kwa adabu. Ndipo wakaleta beberu wa zawadi, na kamba ya kumfungia hakuna. Nikafungua ule mnyororo wa trela, nikamfunga beberu kwenye kiti cha kando yangu.

Viti vya nyuma vya gari nilivijaza magodoro hadi dirishani, na vioo vya pembeni vilikuwa vumbi tupu. Baada ya shimo moja kubwa, gari likawa jepesi ajabu. Nikajipongeza kwa sevisi niliyolifanyia kwa mikono yangu.

Nilipofika Garsen, wanawake walinipokea kwa vigelegele. Lango la ua ni jembamba, na kuingiza trela kwa rivasi ndiyo sifa yangu.

"Sogeeni huko, trela hukata kona ghafla," nikawaonya, nikizungusha usukani kinyume kama fundi.

Gari likaenda kuegemea ua wa makuti. Vigelegele vikakatika. Mama mkwe, aliyetangulia siku moja kabla, akainama dirishani.

"Baba, hiyo trela unayoiingiza iko wapi?"

Beberu akajitikisa kando yangu, na mnyororo ukalia.