Kadi na Monita: Kutoka Mtongwe Hadi Kiembeni na Kurudi

Katika maelezo haya nimetenga mambo mawili. Niliyoyaona kwa macho au kuyapima kwa mkono wangu nimeyaandika bila kusita. Niliyoambiwa, nimemtaja aliyeniambia. Nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka mingi, na sikupata kuona mizani iliyorekebishika kwa maneno.

Sababu ya kuondoka nyumbani Mtongwe ilikuwa mwanangu Hamisi, anayeishi Kanada. Tangu mama yake afariki, hunipigia simu kila Jumapili, husema, "Niko sawa, Baba," kisha huaga kabla chai yangu haijapoa. Kwamba yuko sawa, hilo niliambiwa, sikulijua. Mwezi uliopita alinieleza kuwa mapumziko yake huyamalizia kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori, ambao watu wawili walio mbali huweza kufuatana barabarani huku wakizungumza. "Ukipata mashine ya kuuweza, Baba, njoo tuendeshe." Niliujaribu kwenye kompyuta yangu ya mezani. Lori lilisogea kwa mikupuo, kama picha zinazofunuliwa moja moja katika albamu. Nilihitaji kadi ya grafiksi, yaani kile kibao cha ndani kinachochora picha, na monita ya kuzionyesha.

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Nilipima nafasi iliyomo ndani ya kasha la kompyuta: sentimita ishirini na tisa. Nikaiandika, nikafunga mlango, nikavuka Likoni. Kwenye lango la feri nilijikuta nikimwambia askari kuwa nakwenda Magongo kununua monita. Hakuwa ameniuliza.

Saa tatu nilifika Magongo, kwenye duka la kompyuta la Bi Njeri, mama wa makamo aliyekuja pwani kutoka bara.

"Shikamoo, mzee. Hii kadi ni mpya kabisa, imeingia juzi tu."

"Marahaba. Imeingia kutoka wapi?"

"Majuu."

Niliigeuza. Kwenye ukingo wake wa chuma, pale inapofungwa kwa skrubu, palikuwa na kutu ya rangi ya chungwa yenye vidoadoa. Kila aliyezaliwa karibu na maji yetu anaijua kutu hiyo. Ni chumvi ya hewani, nayo haiji kwa siku mbili.

"Kadi hii imekaa pwani mwaka mzima au zaidi," nikasema.

"Ai! Mzee, wewe ni CID?"

"Nilikuwa mkaguzi wa vipimo."

"Basi leo nimekwisha!" Alicheka, akairudisha kadi kabatini bila ubishi.

Alinionyesha monita ya inchi ishirini na saba. Alisema huonyesha picha mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde. Nilimwomba aiwashe, afungue ukurasa wa mipangilio. Ulisoma sitini.

"Kumbe!" Alikunja uso. "Mimi niliambiwa na aliyeniletea." Akabadilisha waya, akachagua upya, na ukurasa ukasoma mia moja arobaini na nne. Hapo nikainunua. Kuhusu kadi, aliniambia kuna mzee Kiembeni anauza ya mwanawe, akampigia simu kunitambulisha.

Saa sita na nusu nilishuka Kiembeni na sanduku la monita kwapani. Bwana Mutua, aliyekuwa mwendesha kreni bandarini, alinipokea mlangoni.

"Karibu, mzee mwenzangu. Usivue viatu, hakuna wa kunigombeza hapa."

Kadi yake ilikuwa na urefu wa sentimita ishirini na sita. Kutu ilikuwapo, naye aliitaja kabla sijaiona. Tuliuendesha mchezo wa mwanawe kwa nusu saa. Joto la kadi lilipanda hadi digrii sabini na moja, likatulia hapo. Tukanywa chai.

"Mimi sichezi," alisema. "Huiwasha tu jioni. Feni zikivuma, naona kama kijana yuko chumbani."

"Basi kwa nini unaiuza?"

"Yeye ndiye aliyesema niuze. Ameoa Machakos. Hana haja nayo tena."

Ilinijia kumwambia asiiuze. Sikusema. Nilikuwa nimekuja kununua, na nilinunua. Alinisindikiza hadi barabarani, akasimama hapo hadi matatu niliyopanda ilipoondoka.

Jumapili asubuhi niliipachika kadi, nikachomeka waya wa monita, nikawasha. Lori likasogea kwa mikupuo ileile. Nikampigia Bwana Mutua kwa ukali.

"Kadi yako imekufa, bwana. Umeniuzia maneno."

"Waya wa monita umeuchomeka wapi, mzee?"

"Nyuma ya kompyuta, pale pa siku zote."

"Pa siku zote ni pa kompyuta. Kadi ina matundu yake, chini zaidi. Umeinunua, halafu umeiruka!"

Nilipiga goti nikatazama. Ilikuwa kama alivyosema. Nilihamisha waya, na barabara ikatiririka kwenye kioo bila kukwama. Nilimtaka radhi.

"Si kitu," akasema. "Ukitaka kunigombeza tena, piga tu."

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba nilimkagua kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Saa kumi alasiri nilivaa vipokea sauti masikioni. Lori jekundu la Hamisi lilikuwa limesimama mbele yangu.

"Niko sawa, Baba."

"Nimesikia. Ongoza njia."

Tuliendesha kitambo kirefu. Kisha akauliza, "Baba, Mama alikuwa akitia iliki kwenye mbaazi?"

"La. Iliki ni ya mahamri. Mbaazi alizipika kwa tui jepesi, akamalizia na tui zito. Nilikuwa nikimtazama."

"Mimi hupika, hazitoki. Nazila hivyo hivyo. Hakuna wa kuniambia."

Nilisikia akipenga kamasi. Sitaandika kwamba alikuwa akilia, kwa kuwa sikumwona. Taa ya lori lake ilionyesha kushoto, nami nikaonyesha kushoto. Ilipotimia saa kumi na mbili kasorobo kwa saa yangu ya ukutani, alikuwa bado hajaaga.