Safu ya "Kwa Nini"

Ofisini walimwita Mama Mizani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinganisha mitaala ya nchi mbalimbali. Alikuwa mtu wa kusoma, si wa kupayuka. Akiletewa mtaala wa watu hakuanza na mada zake. Alianza kwa kujiuliza: hawa wanaamini mtoto hujifunzaje? Maana kuna nchi inayomwachia mtoto agundue mambo mwenyewe, na nyingine inayotaka mwalimu atangulie, mtoto afuate hatua kwa hatua. Kote huko watoto wanajua kusoma. Balaa ni kuzichanganya njia hizo bila kujua unachanganya nini.

Alipoagizwa kulinganisha mitaala ya kigeni ili uandikwe mtaala mpya wa darasa la kwanza, alichora jedwali lenye safu mbili kwa kila nchi: "Wanafundisha nini" na "Kwa nini". Hiyo ya pili ndiyo iliyomtoa jasho. Humo alieleza kwamba nchi ile ya ugunduzi ilianza kwa kupunguza watoto darasani, ikafuta mitihani ya wadogo, ndipo ikagusa vitabu.

Mkurugenzi wake akaikata safu hiyo. Alitaka jedwali lienee kwenye ukurasa mmoja.

"Mama, hizo kwa nini zako ni nyingi mno," alimwambia akicheka. "Wakubwa hawataki mahubiri."

Basi kamati ya kuandika mtaala ikachota ugunduzi huku, mitihani ya kila mwezi kule, ikajipongeza. Mama Mizani aliomba mtaala ujaribiwe kwanza, hata katika shule chache tu. Akaambulia patupu: vitabu, aliambiwa, vimeshakwenda kuchapwa.

Siku ya kuwaonyesha walimu mtaala huo, mdogo wake, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa safu ya mbele ukumbini. Ndiye aliyenyoosha mkono. Alieleza kuwa darasani kwake watoto wamebanana hadi miguuni pa meza yake. Akiwaacha wagundue uzito wa mchanga wiki nzima, mwisho wa mwezi mtihani utawauliza herufi ambazo hawajazifikia. Ashike lipi?

Mkurugenzi akasema walimu wajiongeze. Ukumbi ukaguna. Akamkabidhi Mama Mizani chaki amalizie.

Wajiongeze! Damu ilimchemka. Mtoto aliyeng'oka meno juzi tu aitwe mjinga kwa sababu watu wazima walitaka ukurasa upendeze? Alikwenda ubaoni, akaiandika upya safu iliyokatwa, yote, huku Mkurugenzi akikohoa nyuma yake.

"Wenzetu waliondoa mtihani kwanza," alisema. "Niliandika hivyo. Ikafutwa ili karatasi itoshe."

"Kumbe mlijua?" mdogo wake aliuliza.

"Tulijua."

Mkurugenzi akatangaza chai. Nusu ya ukumbi ikainuka. Mdogo wake hakusogea, na macho yake hayakuwa na huruma.

"Sasa Dada, umeshatuandikia ubaoni, vizuri. Mimi Jumatatu naingia darasani na nini?"

Mama Mizani aliiweka chaki chini. Kweli, ubao ungefutwa kabla vikombe havijaoshwa.

"Fundisha kusoma kama ulivyokuwa ukifundisha," alisema. "Na mtihani wao wa mwezi usiwape watoto. Wakikuuliza, sema nimekukataza mimi."

"Watakufukuza."

"Wataje jina langu vizuri, wasije wakamfukuza mwingine."

Kisha akawageukia walimu waliobaki, akayarudia maneno yale kwa sauti, hadi kule kwenye chai watu wakanyamaza.