Tende Kali

Katika picha ya harusi yangu, bwana harusi amejifunga blanketi. Wajukuu wakiiona huuliza kama babu yao alikuwa chifu, au kama siku hiyo alikuwa mgonjwa. Hakuwa chifu wala hakuwa mgonjwa. Chini ya blanketi lile hakukuwa na suruali ya maana, basi. Lawama zote nalitupia neno moja la Kiswahili ambalo sisi watu wa magharibi mwa Kenya tulilisikia vibaya.

Neno lenyewe ni tindikali. Miaka hiyo ya hamsini, pale Nakuru, wengi wetu hatukulijua. Kwetu kila kitu cha kiwandani kilikuwa dawa: dawa ya ng'ombe, dawa ya betri, dawa ya ngozi. Lakini nyapara wa bohari ya reli alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani, mtu wa kofia nyeupe na Kiswahili cha taratibu, na yeye kila kitu alikiita kwa jina lake. Tindikali ilitengenezwa ng'ambo, ikavuka bahari, ikapakiwa kwenye treni Mombasa, ikatufikia ndani ya chupa kubwa za kioo, kila chupa imekaa kwenye tenga lake na kuzungushiwa majani makavu kama yai la kuku. Treni zilipishana njiani: magadi yetu yakishuka kwenda kwao, tindikali yao ikipanda kuja kwetu. Nani alipata faida sijui. Najua tu ni suruali ya nani iliyopata hasara.

Tindikali nyingine ilienda kwa watu wa siagi, wapimie mafuta ya maziwa. Nyingi ilienda kwenye kiwanda cha blanketi. Kondoo wa Mau Narok hupita vichakani, na manyoya yao hufika yamejaa mbegu na vijiti. Kiwandani waliyachovya kwenye tindikali iliyozimuliwa kwa maji mengi, wakayakausha kwa moto, na vijiti vikageuka vumbi huku manyoya yakibaki salama. Kitu cha mmea kiliwe, kitu cha mnyama kiachwe: hiyo ndiyo tabia ya tindikali. Usilisahau hilo, maana suti inakuja.

Mchumba wangu alikuwa mshika bendera wa reli. Alijua kusimamisha treni, lakini kujisimamisha mwenyewe akisikia habari ya chakula hakujua. Baba yangu hakumpenda. Alisafiri kutoka nyumbani wiki ile ya harusi, akafikia kwa shangazi yangu, akanywa chai yake bila haraka, kisha akanipa hukumu.

"Huyu kijana wako ni mtu wa mchezo mchezo," alisema. "Jumamosi nitamwangalia. Nikiona mambo ya ovyo hata kidogo, mimi na wewe tunarudi na treni ya jioni. Mtu hawezi kuchunga nguo yake, atachunga mtoto wangu?"

Nililia, lakini nililia kwa adabu, nyuma ya nyumba.

Suti ilitoka kwa fundi Alhamisi. Ilikuwa ya sufu safi, nyeusi, na mchumba wangu hakuweza kungoja Jumamosi. Akaivaa, akaenda nayo bohari ili watu wamwone. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mizigo ya kutoka pwani ilikuwa na makanda ya tende za wafanyabiashara wa mjini. Alipofika, nyapara alikuwa anawafokea wapagazi: "Polepole na tindikali hiyo! Asiiguse mtu!"

Mchumba wangu akasikia tende kali. Akawaza kwamba kama ni kali, basi sukari yake ni kali, na kama haziguswi, basi ndizo tende bora kuliko zote. Akanikumbuka mimi. Niliwahi kumwambia kwamba naona watoto wa Kiislamu wakila tende na sijawahi kuonja hata moja.

Aliliegemea tenga moja kwa mgongo, akitazama mbele kama mtu anayengoja mvua, akapeleka mkono nyuma taratibu kwenye majani. Kumbe kizibo cha chupa kilikuwa kimelegea. Vidole vikatoka na utelezi mzito, akadhani ni asali ya tende. Akajifutia kidogo nyuma ya suruali, kwenye mshono. Kidole kimoja akakipeleka mdomoni.

"We! We! We!" Nyapara alimrukia, akamshika ukosi, akamburuta mpaka kwenye bomba. Akammwagia maji, na maji mengine tena, kisha akaagiza magadi jikoni kwa mkewe, yale ya kulainishia maharagwe. Magadi yalipogusa suruali yakatoa povu kama sufuria ya maziwa inayochemka. Vidole vilichubuka tu, ulimi ukapona, na watu wote wakamshukuru Mungu. Suti ikakauka kwenye kamba. Ilionekana nzima kabisa, na kweli sufu ilikuwa nzima. Hakuna aliyekumbuka kwamba fundi aliishona kwa uzi wa pamba.

Jumamosi asubuhi, mlangoni mwa kanisa, mchumba wangu alimkabidhi baba blanketi la ukwe kama ilivyo desturi. Lilitoka kiwanda kilekile. Baba alilipapasa, akatafuta kasoro, akaikosa. Na kwa kuwa hakuwaamini watu wa mjini, aliingia nalo kanisani kwapani, akakaa benchi la mbele.

Tukaambiwa tupige magoti. Nilisikia kitu kama mtu anayefungua gunia. Nikageuza macho bila kugeuza kichwa. Mshono wa nyuma wa suruali ulikuwa umeachia kutoka kiunoni hadi chini, vipande viwili vya sufu nzuri vimeagana. Ndani alivaa kaptura iliyoshonwa kwa mfuko wa unga, na maandishi ya kinu yalikuwa bado yanasomeka: daraja la kwanza. Baba yangu alikuwa anajua kusoma.

Akasimama.

"Kijana," baba alisema, "hii ni nini?"

"Sema ni fundi," nilimnong'oneza. "Sema fundi ni mbaya."

Yeye akabaki amepiga magoti. "Baba," alisema, "nilitaka kuiba tende. Nilisikia kuna tende kali pale bohari. Huyu hajawahi kuonja tende, nikataka akule siku ya harusi. Kumbe ilikuwa dawa ya kiwanda."

"Tindikali, bwana!" nyapara alilia kutoka mlangoni, maana alikuja kutuona tukioana. "Tin-di-ka-li!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliogopa sana, kwa sababu nilimpenda mtu yule, suruali au bila suruali, na treni ya jioni ilikuwa imeshatajwa. Nilimshika mkono wenye vidole vilivyochubuka na nikaapa moyoni kwamba hata nikiburutwa siuachii.

Baba alitoka kwenye benchi. Akalikung'uta blanketi lake jipya, akalikunjua lote, akamzungushia bwana harusi kiunoni na kulifunga fundo gumu.

"Huyu si mwizi," aliwaambia watu. "Mwizi hawezi kukosea kikapu." Kisha akamgeukia pasta: "Haya, endelea."

Jioni alipanda treni peke yake, amejikunyata kwa baridi. Tulipotaka kumrudishia blanketi lake alikataa, akasema limeshapata mwenyewe.

Siku ya Idi nyapara alituletea sahani ya tende, za kweli. Mume wangu alichukua moja, akainusa, akatafuna akiwa amefumba macho, nami nikingoja. "Hii si kali," alisema. "Kula."

Ikawa hivyo kila mwaka. Watoto wakazaliwa, wakakua, nyapara akafariki, binti yake akaendelea kutuletea sahani, na kila mara mume wangu alionja kwanza na kusema maneno yaleyale. Hata meno yalipomwishia alionja.

Idi ya kwanza baada ya kumzika, binti wa nyapara alikuja kama kawaida. Alipoondoka niliweka sahani mezani, nikamimina chai. Nilizitazama zile tende mpaka chai ikapoa, nikingoja mtu aniambie nile.