Karatasi Iliyokatwa kwa Makasi

Nilisomea kubishana. Ndiyo, kuna watu wanaolipa karo kwa hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao, kule Garsen mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa karani wa ofisi ya misaada yenye kompyuta moja na simu iliyokatika kila upepo ukivuma. Masomo yalikuja kwa barua pepe. Mhadhiri wangu, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa na ujanja mmoja tu alioupamba kwa majina marefu: chukua maneno ya mpinzani, kata yanayokufaa, yaliyobaki tupa. Upuzi mtupu! Lakini niliula wote na sahani nikailamba.

Mazoezi tuliyafanya katika kundi la barua pepe la wasomi wa Tana waliotawanyika duniani. Wasomi, nyoo! Watu waliokimbia mbu wa kwao, sasa wamekaa kwenye viyoyozi wanapigania mto ambao hawajaunywa miaka. Wakati huo ubishi ulikuwa malka, njia ya ng'ombe kushukia mtoni. Moja ilipita katika shamba la mama yangu, kijijini kwetu Ndera, naye alikuwa ameiziba kwa miiba aokoe mahindi yake. Kijana mmoja wa wafugaji akaandika: "Shamba ni la mama huyo, sikatai, lakini ng'ombe wa baba wasipofika mtoni wiki hii watakwisha." Nikakata kwenye "sikatai". Nikatangaza kundini kwamba amekiri mwenyewe. Wakanishangilia, na mhadhiri akanipa alama za juu kabisa. Kichwa kikanivimba.

Basi nikaichapa barua yake, nikaikata kwa makasi palepale, nikaenda nayo Ndera kwenye baraza la chifu. Nilisoma kwa madaha. Baba wa yule kijana aliinamisha kichwa.

"Kama mwanangu ameandika hivyo," akasema, "mimi sina la kuongeza."

Nikajiona wakili. Mjinga mimi!

Mama hakujua kusoma. Aliniomba aishike ile karatasi, maana ndiyo iliyomwokolea shamba. Akapitisha kidole ukingoni. Karatasi za printa ile zilikuwa na vitundu kando, na zilichanika sawasawa kwenye mikunjo. Hii ilikuwa imekwenda upogo.

"Hapa chini pamekatwa," akasema. "Palikuwa na nini?"

"Si kitu, mama."

"Nimekuuliza palikuwa na nini."

Nikayasema yaliyobaki mbele ya watu wote. Aibu niliyoona siku ile sijapata kuiona tena.

Mama akamgeukia yule baba. "Mzee wangu, walete ng'ombe. Wapitishe kando ya migomba."

Akaenda kuitoa miiba kwa mikono yake mwenyewe, na mahindi ya upande ule yakakanyagwa yote.

Miaka yote iliyofuata, barua ya dada yangu ikifika, mama aliipapasa kwanza kingo zote nne, polepole, ndipo akanipa nimsomee.