Mkasi wa Mama Futi

Mama Futi, fundi ninayeshona naye chumba kimoja, hakati kitambaa kabla ya kukiombea. Anakilaza mezani, anakiwekea kiganja kama anayepima homa ya mtoto, kisha ananong'ona, "Bwana, kata wewe, mimi nashika mkasi tu." Akishasema amina, anavuta futi yake shingoni na kupima upya, halafu anapima tena, mdomo umejaa pini. Hapo ndipo huwa ananichanganya: kama anayekata ni Mungu, hiyo futi ni ya kumkagua? Na mkasi wenyewe haazimi mtu. Hata akienda msalani anaondoka nao.

Juzi alikuwa anakata gauni la harusi la kitindamimba wake. Aliomba mpaka nikamaliza kupinda sketi nzima. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaitundika futi msumarini na kukata bila kupima. Mikono yote miwili ya gauni ikatoka ya kushoto. Kitambaa kilichobaki kilitosha mkono mmoja tu, na dukani kilishakwisha. Nikangoja alie. Badala yake akaweka kiganja juu ya kile kipande, akasema maneno yake yaleyale, kisha akanipa mimi mkasi. "Kata, mwanangu." Nikamuuliza, "Nikikosea je, Mama?" Alikuwa ameshafumba macho. Nikasimama na mkasi ule mzito, naitazama futi pale msumarini, sijui kama naruhusiwa kuichukua.