Glavu za Bibi Harusi

Mama mkwe wangu hakupenda nimwite Mama. "Madame inatosha," aliniambia siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake ng'ambo, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe. Nilikuwa nimetoka Tanga majuzi tu, nimeolewa na mwanawe kwa ndoa ya serikali, na baridi ilikuwa bado inaniuma masikio. Nilimletea halua. Akaipokea kwa vidole viwili, akaiweka sakafuni karibu na bakuli la paka.

Ukutani, juu ya meza ya chakula, palikuwa na picha ya kale ya Kiholanzi, mali ya ukoo wao: mume na mke waliovaa nyeusi tii, shingoni kola nyeupe pana kama sahani. Madame alinisimamisha mbele yake, akanieleza kwa Kifaransa cha polepole, kama anayesema na kiziwi.

"Mume yuko kuume kwa mke, maana kuume ndiko kwenye heshima. Wewe mahali pako ni kushoto kwake. Mbwa yule ni uaminifu. Na ule mmea unaotambaa nyuma ya mke, unauona? Bila ukuta, hausimami."

"Na hizo glavu?" niliuliza. Mke alikuwa ameshika glavu zilizotariziwa kwa uzi wa dhahabu.

"Zawadi ya bwana harusi kwa mchumba wake. Kwetu desturi hiyo haijafa."

Nilifurahi. Kwetu pia bwana harusi hupeleka sanduku la nguo, nikaona hatimaye nimepata kitu ninachokielewa. Madame akafungua kabati, akatoa glavu nyeupe za ngozi, akamwambia mume wangu anivishe, tupigwe picha chini ya ile ya ukutani.

Hazikuingia kirahisi. Mume wangu alivuta, Madame akaja kusaidia kuvuta, mpaka mshono ukaachia penye kidole gumba. Shemeji yangu, aliyekuwa ameshika simu tayari kupiga, akacheka.

"Mikono ya kazi," alisema Madame. "Yule wa kwanza zilimkaa vizuri sana."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia dirishani.

"Wa kwanza yupi?"

Madame alirudi kwenye picha, akachukua uma mezani, akauelekeza kwenye uso wa yule mke. "Huyu naye si wa kwanza. Mtaalamu alikuja na mashine yake, akakuta uso mwingine chini ya rangi. Mke alikufa, mume akaoa tena, mchoraji akabadilisha uso tu. Gauni lilelile, mikono ileile. Kwa nini waharibu turubai nzuri ya picha?"

"Mama anatania," mume wangu alisema, akavuta kiti. "Tule, chakula kinapoa."

Tukala. Nilikalishwa kushoto kwake, glavu iliyopasuka ikiwa bado mkononi, kwa sababu Madame alisema kuivua kungeipasua zaidi. Nilikata nyama hivyo hivyo, mchuzi ukalowesha ngozi, naye akaliangalia kila tone.

Kwenye tramu ya kurudi nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia kwamba aliwahi kuoa.

"Hukuniuliza," alisema. Kisha akaongeza kwamba mama yake bado anakula chakula cha mchana na mwanamke huyo kila Alhamisi, na kwamba nisilifanye kuwa jambo kubwa.

Tulipofika nyumbani mama yangu alipiga simu. Majirani walikuwa wamejaa sebuleni kwake kunisikiliza, wakapiga vigelegele. "Wamekupokeaje, mwanangu?" Nikamwambia nyama ilikuwa laini.

Niliendelea kwenda huko Jumapili baada ya Jumapili, nikisahihishwa namna ya kukaa, kushika kisu, hata kupiga chafya. Mume wangu hakuwahi kunitetea kwa neno hata moja. Halafu Jumapili moja nilivaa koti, nikakaa kitandani, na sikuweza kuinuka. Alinisubiri mlangoni, akatazama saa, akaenda peke yake. Aliporudi jioni, nilikuwa nimeshaondoka, nimepanga chumba kwa mwanamke mmoja wa Bujumbura, mtaa wa Jette.

Hakunitafuta. Wakili wake ndiye aliyenipigia.