Nilikata kimya ya Madame, nikasingizia Maman Godelive

Non, musinitetee! Dada yangu mukubwa anasema, «Ulikata kimya tu, hata neno moja hukukata. Kosa iko wapi?» Kosa iko, dada. Ni yangu miye peke, na leo naitoa mbele ya bantu.

Bon, nieleze. Niko na dix-neuf ans, miaka kumi na tisa, nilimaliza secondaire hapa Bruxelles. Mu Galerie d'Ixelles, mahali ya maduka, nyuma ya salon ya kusuka nywele, bamaman ya Katanga beko na association yao. Balianza kurekodi maisha yao, namna balitoka kwetu, namna balifika hapa. Mi njo nilikuwa mwenye kushika mashine.

Mumoja wao, Maman Godelive, anatunzaka mwanamuke muzee ku Uccle, mutaa ingine ya Bruxelles. Tumuite Madame Fanny. Ni Muyahudi. Wakati ya vita ya ba-Nazi alikuwa na sept ans, miaka saba tu. Mama yake alimuficha kwa bamasista, kisha mama mwenyewe balimukamata, balimupeleka kambini, hakurudi. Madame aliposikia habari ya mashine yetu, akasema, «Na mi munirekodi. Batoto yangu sikubaambia hata siku moja.»

Tukaenda. Madame alieleza vizuri mpaka kufika pale ku mulango ya bamasista. Mama yake anamufunga foulard, kitambaa ya kichwa, anamuambia, «Usigeuke.» Pale akanyamaza.

Quatre minutes, dakika ine! Mi naangalia tu saa ya ukuta: tik, tik. Nilifungua mudomo niulize swali ingine, Maman Godelive akanifinya goti. Akasogeza kiti, akamushika Madame mukono, akakaa naye, sawa vile kwetu tunakaaka ku kilio na mwenye kufiwa.

Kisha Madame akapangusa uso. «Merci, Godelive. Na weye mudogo, hii kimya usiikate. Njo pale mama yangu eko.»

«Promis, Madame, naahidi.»

Promis! Mudomo yangu hii!

Ku ordinateur, kompyuta yangu, nikaona ile kimya ni ndefu sana. Nikajiambia, dimanche, siku ya kanisa, bamaman bakikuja kusikiliza, pale bataanza habari ya mboga ya pondu na mèches, nywele ya kusukia. Nikakata. Kisha nikafuta carte ya mashine, kwenye sauti yote ilikuwa, juu nilitaka nafasi ya kurekodi maman mwingine. Copie? Hakuna.

Dimanche bamaman balilia, balinipigia makofi, nikavimba kichwa. Kumbe Madame naye anangoja CD yake.

Mungu wangu! Ningesema pale pale, ingeisha. Non. Nikatia kimya ya ordinateur, quatre minutes ya bure, nikamupelekea. Siku ile Maman Godelive alikuwa congé, anapumzika kwake. Madame akafunga macho, akasikiliza. Foulard. «Usigeuke.» Akangoja. Kisha akafungua macho.

«Saa yangu iko wapi?»

Nikaanza kufunga kifuniko ya CD.

«Mu kimya yangu mulikuwa saa. Mulikuwa pumzi ya Godelive. Hii kimya ni ya nani?»

Na mi, mutoto ya kanisa, nikajibu: «Ni Maman Godelive, Madame. Alifinya bouton ya mashine, akafuta. Aliniomba nisikuambie.»

Hata sauti haikutetemeka!

Madame hakumugombeza. Alianza tu kumuambia «vous», ile ya kuambia mugeni. Miaka yote ile balikuwa banaitana «tu», ile ya barafiki, banataniana. «Godelive, chai yako ni maji ya kuoshea sahani!» Na Maman: «Basi oshea sahani, mi nipumzike.» Sasa ni merci Madame, au revoir Madame. Na kurekodi, Madame amekataa. Habari ya dada yake mudogo, ile alisema ataieleza siku ingine, imebaki mu kifua chake.

Kila dimanche Maman Godelive ananikamata mukono: «Mutoto wangu, weye ulikuwa unafika kule. Nilimukosea nini?» Na mi: «Sijui, Maman.» Kisha ananinunulia beignet, andazi ya moto! Naificha mu mufuko. Niko sawa panya mu chupa: inje naiona, kutoka sitoki.

Leo mangaribi amepita kwetu. Akatoa funguo ya Uccle mu sac, akaiweka ku meza mbele ya mama yangu. «Kesho à neuf heures, saa tatu ya asubui, namurudishia. Nimechoka kuwa mugeni mu nyumba nilizoea.» Mama akashika kichwa. Mi nikakimbilia kuosha sahani zilizokuwa safi.

Weye unayerekodi bazee, haraka yako uiache ku mulango! Ile unaona ni bure, pengine njo kaburi ya mama ya muntu, juu ingine hakupewa. Na ukikosea, sema siku ile ile. Miye niliona uwongo ni mulango ya kutokea, kumbe nilikuwa najifungia ndani, na muntu mwingine njo analipa.

Dada anasema ningoje, mambo itapoa. Singoji. Kesho nitapanda tram mapema, mbele Maman Godelive hajatoka kwake. Nitafinya sonnette, kengele ya mulango ya Uccle, nitasema: «Madame, ni miye nilikata. Godelive hakugusa kitu.» Kisha nitanyamaza, nibaki pale mpaka Maman afike na funguo yake, na yeye asikie.

Na ile saa ya ukuta, sitaiangalia.